Homa Nyekundu: Koo la Mtoto Lisidharauliwe



Mara nyingi mama hufika zahanati na kutuambia, "Sista, mtoto anaumwa koo tu." Neno hilo "tu" ndilo limetufanya tuandike ukurasa wa mwezi huu. Tutaongea juu ya homa nyekundu, ugonjwa uliojaza makaburi ya watoto huko Ulaya na Marekani. Tutaongea pia juu ya ndugu yake anayeishi kwetu na kuharibu mioyo ya watoto wetu hadi leo.

ZAMANI ILIKUWAJE?

Mwaka 1856, katika mji wa Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, aliishi mkuu wa kanisa kuu la Kianglikana, Archibald Campbell Tait, pamoja na mkewe Catharine. Walikuwa na watoto saba. Mwezi wa Machi homa nyekundu iliingia nyumbani kwao. Kwa muda wa majuma kama matano tu walizika mabinti watano, mmoja baada ya mwingine. Mkubwa wao alikuwa na miaka 10. Wakabaki na mvulana mmoja na mtoto mchanga. Baba huyo baadaye alifanywa Askofu Mkuu wa Canterbury.

Mali nayo haikuzuia ugonjwa huu. Mwaka 1901 ulimwua mjukuu mdogo wa John D. Rockefeller, tajiri mkubwa wa Marekani. Wazazi wa mtoto huyo wakatoa fedha kuanzisha taasisi ya utafiti mjini Chicago. Hapo, katika miaka ya 1920, madaktari wawili, mke na mume, Gladys na George Dick, walithibitisha kwamba homa nyekundu huletwa na kijidudu kiitwacho streptokoka, ambacho hukaa kooni.

Siku hizo hakukuwa na dawa ya kuua kijidudu hicho. Wagonjwa walitengwa majuma mengi, wazazi wakiwachungulia dirishani, na vitu vyao vya kuchezea vilichomwa moto. Vifo vilianza kupungua hata kabla ya dawa kupatikana. Kisha katika miaka ya 1940 penisilini ikaanza kutumika kwa watu wengi, na wazazi wa nchi hizo wakaanza kuisahau hofu ile.

Hata hivyo ugonjwa haujafa. Uingereza uliongezeka tena kuanzia mwaka 2014. Mwishoni mwa mwaka 2022 nchi kadhaa za Ulaya ziliona maambukizi ya streptokoka yakipanda, na watoto wengine walikufa.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huwapata hasa watoto wa umri wa kucheza na wa shule ya msingi. Huenea kwa kukohoa, kupiga chafya na kulala wengi chumba kimoja. Angalieni haya:

1. Homa kali ya ghafla, koo kuuma, kichwa kuuma, pengine kutapika.

2. Mafindofindo kuvimba na kuwa mekundu, pengine na usaha mweupe. Tezi za shingo huvimba na kuuma.

3. Vipele vidogo sana vinavyoanza shingoni na kifuani, na kuzidi makwapani na kwenye mapaja.

4. Ulimi kuwa mwekundu na wenye vinundu, mfano wa tunda la forosadi.

5. Baada ya juma moja au zaidi, ngozi ya vidole kubambuka.

Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Ngozi yetu nyeusi huficha wekundu. Kwa hiyo mama, usitegemee macho peke yake. Pitisha kiganja kifuani na tumboni mwa mtoto: ngozi hukwaruza kama karatasi ya msasa.

HAPA KWETU JE?

Jina la homa nyekundu hatuliandiki mara nyingi katika vitabu vya wodi zetu. Lakini streptokoka tunaye. Koo la mtoto lisipotibiwa, linaweza kupoa lenyewe, mtoto akarudi kucheza. Kumbe mwili wake uliokuwa ukipigana na kijidudu unaweza kugeuka na kushambulia viungo vyake wenyewe. Baada ya majuma mawili hadi manne huja homa ya baridi yabisi: goti linavimba, kesho kiwiko, keshokutwa kifundo cha mguu. Maumivu hayo hupita, bali moyo unaweza kubaki na kovu. Vali zake, yaani milango inayopitisha damu, huharibika.

Tunamkumbuka msichana mmoja wa darasa la nne. Alipewa vidonge vya penisilini vya siku kumi. Siku ya tatu homa ilishuka, naye akaenda kuchota maji na wenzake. Mama aliona amepona, akaweka vidonge vilivyobaki kabatini kwa ajili ya mdogo wake. Tulimwona tena mwaka uliofuata, akiwa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, na miguu imevimba. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa akibana matumizi, kama sisi sote tufanyavyo. Sisi wauguzi ndio hatukumweleza vizuri kwa nini siku ziwe kumi, na jambo hilo bado linatuuma.

Basi tunaeleza leo. Dawa hupunguza homa katika siku chache, lakini vijidudu vingine hubaki kooni. Siku zile za mwisho ndizo za kulinda moyo.

MATIBABU

Koo nyingi za watoto huumwa kwa sababu ya virusi, hasa mtoto akiwa na mafua na kikohozi, na hizo hazihitaji antibiotiki. Kwa hiyo msinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Mleteni mtoto apimwe. Akionekana ana streptokoka, atapewa penisilini au amoksilini, au sindano moja ya penisilini inayokaa mwilini muda mrefu. Kama dawa hizo humdhuru, semeni mapema apewe nyingine. Jambo la kutia moyo ni hili: penisilini bado inamuua streptokoka, na hata ikianza ndani ya siku tisa tangu koo kuanza kuuma, inazuia homa ya baridi yabisi.

Aliyekwisha kuumwa homa hiyo hupewa sindano kila majuma matatu au manne, kwa miaka mingi. Asikose hata moja.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Msimpeleke mtoto kukatwa kimeo. Kimeo hakileti ugonjwa huu. Wembe huo huleta kutoka damu nyingi na pepopunda.

- Msimpe mtoto aspirini. Parasetamoli yatosha kwa homa. Apewe uji mwepesi na maji ya kunywa mara kwa mara.

- Akae nyumbani asiende shule mpaka atimize siku nzima akitumia dawa. Kikombe chake kiwe chake peke yake. Fungueni madirisha ya chumba cha kulala.

- Baada ya koo kupona, mkiona uso umevimba asubuhi, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, viungo kuuma au pumzi kukatika, rudini hospitali siku hiyo hiyo.

- Mtoto akishindwa kumeza mate au kupumua, msingoje kuche.

Chanjo ya streptokoka bado haijapatikana. Lakini dawa ambayo familia ya Carlisle haikuwa nayo, sisi tunayo, nayo si ya gharama kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mzazi, usiku huu hesabu vidonge vilivyobaki kabatini. Kama ni vya mtoto aliyeandikiwa siku kumi akaacha siku ya tatu, usimwekee mdogo wake. Kesho mlete mtoto pamoja na vidonge hivyo, tumwangalie.