Makhan Singh na Neno Lililofutwa

Wahindi wa Kenya wanapotajwa, wengi wetu hukumbuka duka na mizani, si mgomo. Maisha ya Makhan Singh yanaikanusha picha hiyo. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi mwaka 1927. Mnamo 1935, akiwa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichobeba jina la Wahindi, aliwashawishi wenzake walifute neno hilo ili chama kiwapokee wafanyakazi wa kila rangi. Kwa maoni yetu, kufuta huko kulikuwa na uzito kuliko hotuba nyingi, kwa kuwa ukoloni ulipanga mishahara, makazi, hata shule kwa misingi ya rangi.

Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliasisi shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai uhuru kamili ilhali wanasiasa wengi wakiomba marekebisho tu. Mwezi uliofuata alikamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi 1961. Uhuru ulipopatikana hakupewa wadhifa wowote wa maana. Alifariki mwaka 1973.