Je, Wajua? Sodiamu ya Mgonjwa wa Ini Haishuki kwa Kukosa Chumvi

Je, wajua kwamba mkoa wa Arusha una volkano hai inayotema sodiamu? Lava ya Ol Doinyo Lengai hutoka nyeusi, nyepesi, kisha unyevu wa hewani huigeuza nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani yenye lava ya namna hiyo. Kaskazini yake kuna Ziwa Natron, na zile herufi Na, alama ya sodiamu kwenye karatasi ya majibu ya damu, zina asili moja na jina la ziwa hilo.

Je, wajua kwamba Na ikisomeka chini ya 135 kwa mgonjwa wa ini aliyejaa maji tumboni, mara nyingi mwili wake una chumvi kupita kiasi? Hapo ndipo familia nyingi hupotea, na naomba tusimame kidogo. Damu ya mtu mzima wa afya ina milimoli 135 hadi 145 za sodiamu kwa lita. Ini likishajaa makovu, damu itokayo utumboni hupita kwa shida, mishipa ya tumboni hutanuka, na mwili hudhani umekaukiwa. Ubongo humwaga vasopresini, homoni inayozuia mkojo. Figo hubana chumvi, na maji hubanwa zaidi. Ni mchuzi ulioongezewa maji: chumvi haijapungua, imezidiwa tu.

Hali hii si nadra. Utafiti uliochapishwa 2006, wa wagonjwa karibu 1,000 wa nchi mbalimbali, ulikuta karibu nusu wana 135 au chini, na mmoja kati ya watano 130 au chini.

Je, wajua kwamba kumwongezea chumvi mgonjwa huyu humzidishia kiu, na kiu humjaza maji? Kikomo anachopewa kwa kawaida ni gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na mchuzi wa viungo vya pakiti. Lita moja ya dripu ya chumvi ina gramu 9. Dripu hiyo huweza kumfaa aliyeishiwa maji kwa kuhara au kwa dawa za kukojoa, lakini aliyevimba tumbo na miguu huweza kumzidishia uvimbe. Kutofautisha hao wawili ni kazi ya daktari.

Na magadi? Magadi ni sodiamu pia! Mama anaweza kuacha kabisa chumvi kwenye chakula cha baba mgonjwa, akabaki anatupia magadi kwenye makande na maharage ili yaive upesi. Hospitalini wataulizwa kuhusu chumvi, nao watajibu kwa moyo mweupe kwamba wameacha. Tuyataje wenyewe, hata kama hatukuulizwa.

Je, wajua kwamba Na ikishuka chini ya 125, madaktari wengi husimamisha dawa za kukojoa na kupunguza vinywaji hadi lita moja au moja na nusu kwa siku? Chai inahesabiwa. Uji unahesabiwa, supu pia.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huziumiza figo za mgonjwa huyu. Asinunue dukani.

Je, wajua kwamba anayelala mchana, akakesha usiku, akasahau majina ya wanawe na mikono ikampepea, huenda hajarogwa? Sumu ambazo ini limeshindwa kuzisafisha zimefika kichwani, na sodiamu ikiwa chini, ubongo huelemewa mapema zaidi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya rufaa ya mkoa wa Arusha ni Mount Meru, ya kanda ni KCMC, Moshi, umbali wa kilomita 80 hivi kutoka Arusha mjini. Dawa zote anazotumia ziende naye, hata za mitishamba.

Je, wajua kwamba Marekani ilianza mwaka 2016 kuihesabu sodiamu katika kupanga foleni ya kupandikiziwa ini? Sodiamu iliyo chini hutabiri kifo.

Na makovu yenyewe? Pombe na homa ya ini B ni miongoni mwa visababishi. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Machi 2017. Mbege bado ipo, na kwa ini lenye makovu pombe ni pombe. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Kipimo chake ni damu kidogo tu.

Je, wajua kwa nini daktari haipandishi Na kwa haraka? Ikiruka ghafla, shina la ubongo huweza kuharibika, na mgonjwa akashindwa kusema hata kumeza. Wenye ugonjwa wa ini wako hatarini zaidi. Kikomo ni milimoli 8 kwa saa 24. Aliyelazwa na 118 leo asubuhi, kesho asubuhi asizidi 126, na akiwa na 123 tu, amekwenda vizuri.