Besi Hutorokea Pembeni mwa Sikio

Mwezi wa Julai, Elburgon huamka na ukungu. Steji ya matatu za Njoro na Nakuru hujaa watu waliokunja mikono kifuani, wamevaa makoti mazito na kofia za sufu, zile ambazo vijana huziita marvin. Anayetazama vizuri huona waya ukichungulia chini ya kofia, au kijiduara cheusi cha plastiki kimejibanza sikioni. Safari ya Nakuru ni ya kilomita 40 hivi, na muziki huifupisha. Lakini kofia hiyohiyo inayokinga masikio na baridi huweza kuuharibu muziki wa dansi wa kielektroniki kuliko kasoro nyingi ambazo wanunuzi huzihofia dukani.

Mfano mzuri ni "Mwaki", wimbo uliotoka mwaka 2023, kazi ya produsa wa Brazili anayeitwa Zerb na mwimbaji Mkenya Sofiya Nzau. Umeimbwa kwa Kikuyu, na jina lake maana yake ni moto. Ulivuka mipaka ukachezwa katika kumbi za dansi za mbali, hata dijei Tiësto wa Uholanzi akautengenezea toleo lake. Katika mji kama Elburgon, ambako Kikuyu husikika sokoni kila siku, huu ni muziki wa kielektroniki usiohitaji mkalimani. Ukipigwa kwa spika ya simu, sauti ya Nzau hutoka safi na kila neno husikika. Ngoma nzito inayoubeba wimbo, hata hivyo, hubaki kama kidole kinachogonga meza.

Sababu iko kwenye hewa. Sikio changa lenye afya husikia sauti za kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, yaani mitikisiko 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Ngoma ya muziki wa house, ule ulioanzia Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika klabu ya Warehouse alikokuwa akipiga santuri dijei Frankie Knuckles, hupiga chini kabisa, mara nyingi kwenye hezi 50 au 60. Wimbi la sauti ya hezi 50 likisafiri hewani lina urefu wa karibu mita 7. Spika ya simu, ndogo kuliko ukucha, haina nguvu ya kusukuma hewa ya kiasi hicho chumbani.

Spika ya hedifoni nayo ni ndogo, mara nyingi ya kipenyo cha milimita 40. Inafaulu kwa sababu haina kazi ya kujaza chumba. Inachotikisa ni kibaba kidogo cha hewa kilichofungiwa kati ya mto wa hedifoni na ngoma ya sikio. Kibaba hicho kikiwa kimezibwa vizuri, msukumo mdogo unatosha kuifikisha besi yote. Kikipata upenyo, hewa hukimbilia nje kabla sikio halijausikia msukumo, na zinazotangulia kupotea ni sauti nene. Sauti nyembamba hazijali sana tundu. Kwa hiyo hedifoni inayovuja haipungui sauti kwa jumla. Inakuwa kali, yenye kelele za juu, isiyo na tumbo.

Ndiyo maana kofia ya sufu ni adui. Uzi wake uliosukwa ni vijitundu mamia, na mto ukikaa juu yake haukamati ngozi. Fremu za miwani hufanya vivyo hivyo zikipita chini ya mto, na pia nywele nene zilizosukwa kuja mbele ya masikio. Mtu anaweza kulipa maelfu ya shilingi, akafika nyumbani na kusema ameuziwa bandia, kumbe besi yake inatorokea pembeni mwa sikio.

Kwa kila aina ya hedifoni, basi, la kuuliza ni moja: inaziba vipi? Zile kubwa zinazomeza sikio lote na zilizofungwa kwa nyuma ndizo zinazoufaa zaidi muziki huu. Zipo pia zilizo na matundu kwa nyuma. Hizo sauti yake ni pana na tamu kwa anayesikiliza peke yake chumbani palipotulia, lakini kwa kawaida besi ya chini kabisa huziponyoka, na ndani ya matatu abiria wote watausikia wimbo huohuo. Zinazokalia sikio bila kulimeza huziba kwa kubana. Hedifoni za Sennheiser HD 25, zilizotoka mwaka 1988 na ambazo madijei wengi duniani bado wanazo shingoni, ni za namna hiyo: gramu 140 tu, lakini hubana kama koleo, na kikombe kimoja huzungushwa ili dijei asikilize ukumbi kwa sikio la pili.

Iafoni ndogo za kuingiza sikioni ndizo zenye tofauti kubwa zaidi kati ya nzuri na mbaya, na mara nyingi tofauti hiyo imo ndani ya pakiti yenyewe. Vile vipande vya mpira vya ukubwa tofauti, ambavyo wengi huviacha kwenye kijikaratasi hadi vipotee, ndivyo vinavyoamua besi. Inafaa kujaribu kila kimoja, tena sikio la kushoto peke yake na la kulia peke yake, kwa sababu matundu ya masikio ya mtu mmoja hayalingani kila mara. Iafoni ya plastiki tupu isiyo na mpira haizibi chochote, na hakuna programu ya simu inayoweza kuirudishia kilichopotea.

Dukani, iwe ni kibanda cha Elburgon au duka la ghorofani mjini Nakuru, maandishi ya kwenye boksi hayasaidii sana. Karibu kila boksi limeandikwa hezi 20 hadi 20,000. Takwimu hiyo haisemi kama sauti hizo zote zinatoka kwa nguvu iliyo sawa, na hapo ndipo penye tofauti. Maneno ya kuahidi besi ya ziada yanahitaji tahadhari zaidi. Mara nyingi kilichoongezwa ni sauti za kati ya hezi 100 na 250, ambazo huvimba na kuifunika sauti ya mwimbaji, huku besi ya kweli iliyo chini yake ikiwa haipo. Besi nzuri husikika ikigonga kisha inanyamaza. Besi mbaya inagonga na kubaki ikivuma, pigo la pili likalikuta la kwanza halijaondoka.

Kipimo kikali cha jambo hilo kimetoka Dar es Salaam. Singeli, muziki uliokulia mitaa kama Manzese na Mburahati, huweza kupita mapigo 200 kwa dakika, wakati house nyingi hukaa kati ya 115 na 130. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" kutoka studio ya Sisso, na dunia ikaisikia kasi hiyo. Hedifoni zembe hugeuza singeli kuwa uji. Zilizo nyepesi humtenganishia msikilizaji ngoma, kinanda na zile sauti kali za juu zinazochakarika kama kayamba. Anayekwenda kununua na abebe nyimbo tatu anazozijua kwa moyo, zikiwa zimehifadhiwa kwenye simu: mmoja wa besi ya chini, mmoja wa kasi, na mmoja wenye sauti ya mtu. Azisikilize kwa dakika 10 nzima, bila kofia. Sauti za juu zinazochoma hazichomi dakika ya kwanza.

Namba moja ya kwenye boksi inastahili kusomwa kweli, nayo ni ya omu, yaani ukinzani wa umeme. Beyerdynamic huuza hedifoni zake za DT 770 Pro katika matoleo ya omu 32, 80 na 250. Zinafanana kwa sura, lakini za omu 250 zikichomekwa kwenye simu husikika dhaifu, maana zilikusudiwa vifaa vya studio. Kwa simu, za omu 16 hadi 40 ndizo salama kununua.

Kuhusu waya, ubishi ni mkubwa kuliko jambo lenyewe. Bluetooth hubana muziki ili usafiri hewani, lakini kinachopotea hapo ni kidogo kuliko kinachopotea kwa mto usioziba. Hasara yake hasa ni kuchelewa: sauti hufika ikiwa nyuma kidogo, jambo lisilomsumbua msikilizaji wa kawaida ila humvuruga kijana anayetengeneza midundo yake kwenye kompyuta, anayebonyeza sasa na kusikia baadaye. Huyo anahitaji waya. Hata yule ambaye stima kwao hupotea usiku kucha atashukuru kuwa na hedifoni zisizodai chaji.

Elburgon ni mji wa mbao. Misumeno inapolia, wapo wanaojaribu kuifunika kwa muziki masikioni, na hilo ni kosa la hatari. Hedifoni za kawaida si kinga ya kazini. Anayepandisha muziki hadi uushinde msumeno anaongeza kelele juu ya kelele, tena hasikii mwenzake akimpigia ukelele. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 hukataza mfanyakazi kukaa kwenye wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8. Shirika la Afya Duniani ni kali zaidi kwa wanaosikiliza muziki: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na zikifika 90, saa 4 tu kwa wiki nzima. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena.

Hapa hedifoni inayoziba hulipa mara ya pili. Ngurumo ya injini ya matatu, nayo nene kama besi, huifunika ngoma ya wimbo, na mkono wa abiria hukimbilia kuongeza sauti. Mto uliokamata ngozi huzuia sehemu ya kelele za nje na kuihifadhi besi ndani, na wimbo hutosheka na nusu ya sauti ya simu. Mito hiyo huchakaa, ngozi yake bandia hupasuka na kumenyeka, na mingi huweza kubadilishwa kwa bei ndogo kuliko ya hedifoni mpya. Kuhusu marvin, utaratibu ni rahisi: kofia ipandishwe kwanza juu ya masikio, hedifoni zikae kwenye ngozi, kisha kofia ishushwe juu yake, na ngoma ya "Mwaki" itafika nzima hadi Njoro.