Dola 1,000 za Kijana Pauling

Kila ninapowachorea wanafunzi wangu kaboni ubaoni, imezungukwa na hidrojeni nne, namtaja mwanakemia Linus Pauling. Mwaka 1931, akiwa na miaka 30 tu, Chama cha Kemia cha Marekani kilimpa tuzo yake mpya ya watafiti chipukizi pamoja na dola 1,000. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Hela hiyo haikuwa ndogo hata kidogo! Alikuwa ameeleza kwa nini kaboni huzishika hidrojeni zote nne kwa nguvu sawa. Nobel ya Kemia ilimfikia mwaka 1954, miaka 23 baadaye. Kijana wa maabara asingojeshwe kiasi hicho ndipo aambiwe kazi yake ina thamani. Wenye vyuo na viwanda, watafuteni vijana hawa mapema.