Yaenda, Lakini Yaenda Wapi?

Kila ukaribiapo mwezi wa Ramadhani hunijia akina mama kuniuliza juu ya zaka ya biashara. Swali langu la kwanza kwao ni jepesi: una mali ya kiasi gani leo? Hapo ndipo mazungumzo hukwama. Mama mmoja, ashoneshaye mabuibui kwa fundi na kuyauza nyumbani kwake, alinijibu, "Sheikh, alhamdulillahi, biashara yaenda." Nikamwuliza, yaenda wapi? Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akanieleza lililokuwa likimnyima usingizi: kila mwezi auza, na kila mwezi fedha ya kununulia vitambaa yapungua. Alikuwa amefika hadi kudhani ametupiwa jicho.

Tukaketi na mumewe tukahesabu mwezi mmoja. Nazitaja tarakimu hapa kwa wepesi. Alitoa mtaji wa shilingi 60,000, akapata mabuibui 40, kila moja limemgharimu 1,500 pamoja na ushoni. Akauza 30 kwa 2,000 kila moja. Mauzo ni shilingi 60,000, na kwa kipimo hicho alichokuwa akikitumia, mtaji wote umerudi na mabuibui 10 yamebaki. Ni nani asiyefurahi?

Lakini mabuibui 12 kati ya hayo 30 yalichukuliwa kwa mkopo. Fedha taslimu ni 36,000, na madeni ni 24,000. Faida ya mabuibui 30 ni 15,000. Basi faida yote imo mikononi mwa watu, na juu yake shilingi 9,000 za mtaji wake. Kwa 36,000 hawezi kutengeneza mabuibui 40 tena, atatengeneza 24. Na hapo hatujagusa mboga na nauli za watoto zilizotolewa katika mkoba ule ule. Jicho halikuwamo.

Mauzo ni kipimo cha kweli, ila hujibu swali moja tu: kiasi gani kimeuzwa. Hayajibu kama fedha imerudi, wala kama mtaji uko salama. Kila swali lataka kipimo chake, kama vile mchele haupimwi kwa dhiraa. Na deni halipimwi kwa shilingi pekee, bali pia kwa siku. Deni la siku saba na deni la siku tisini si mamoja, hata kama yote ni 2,000. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, imetuamrisha kuandika deni na muda wake. Nasi twaisoma kwa tajwidi nzuri, kisha twakopesha kwa mdomo. (Wanaume wenye maduka wasicheke. Nimeyaona madaftari yao.)

Faida nayo ni khabari ichelewayo. Huonekana mambo yamekwisha. Mwenye biashara ahitaji dalili za mapema. Mama huyu alikuwa akipokea malalamiko ya kuchelewa, na buibui la Idi likifika baada ya Idi halina mnunuzi. Yeye alimlaumu fundi. Nilimshauri aandike tarehe nne kwa kila buibui: siku ya kuagizwa, siku kitambaa kilipofika kwa fundi, siku lililoshonwa, na siku mteja alipolipokea. Baada ya majuma matatu daftari lilisema jambo jingine. Fundi alishona kwa siku mbili. Kitambaa ndicho kilichokaa nyumbani siku tano, kikisubiri mteja alete urefu na upana wa mabega. Dawa ikawa nyepesi: agizo halipokewi bila vipimo vya mwili.

Hata hivyo, kipimo kikitumiwa vibaya huharibu kazi. Alipoanza kumlipa fundi ziada kwa wingi wa mabuibui, mabuibui yaliongezeka na mishono ikaachia. Ikambidi ahesabu pia mangapi yarudishwayo, na malipo ya ziada yakafuata yale yasiyorudi. Suratul Mutaffifin huisoma tukimfikiria muuza sokoni mwenye mizani mbovu. Mshono unaoachia baada ya kufuliwa mara mbili nao ni upunjaji, ingawa hakuna mizani iliyoguswa.

Mwezi wa Shaabani alirejea na daftari la shule la kurasa tisini na sita. Tulihesabu fedha taslimu, tukathamini mabuibui yaliyopo kwa bei ya kuuzia ya siku ile, tukaongeza madeni yatarajiwayo kulipwa. Cherehani ya zamani tukaiacha, kwa kuwa chombo cha kazi hakitolewi zaka. Tukalinganisha jumla na thamani ya gramu 85 za dhahabu. Hakufikia nisabu, hivyo ile asilimia mbili na nusu haikumlazimu mwaka huu. Hesabu yote ilichukua robo saa. Madeni yaliyopita siku sitini yalibaki matatu, na mmoja wa wadaiwa, aliniambia kwa sauti ya chini, ni wifi yake.