Moyo wa Njiti Usikilizwe Bila Kuchomwa

Mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza majuma 37 tumboni ndiye tunayemwita njiti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 ulimwenguni. Wengi wao huhitaji joto na maziwa tu wakakua. Lakini yule wa majuma 28, mwenye uzito wa kilo moja hivi, hiyo ni habari nyingine, na ni moyo wake ninaotaka tuuzungumzie juma hili.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wa njiti hupiga mara 120 hadi 160, na akilia hupanda zaidi. Msuli wake bado mchanga, hauwezi kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo njia yake kubwa ya kuongeza damu ni kuongeza kasi. Kasi ikianguka, damu inayofika kwenye ubongo huanguka nayo.

Na kasi huanguka kweli. Sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi haijakomaa, hivyo mtoto husahau kupumua. Pumzi ikikatika kwa sekunde 20 au zaidi, mapigo hushuka chini ya 100, pengine chini ya 80, na mtoto hubadilika rangi. Aghalabu tiba ya kwanza ni kidole cha muuguzi: humsugua unyayo au mgongo, mtoto akashtuka, akavuta hewa. Wengi hupewa pia kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa, ila kwa kipimo cha daktari na si kutoka kwenye buli la nyumbani!

Basi lazima mtu ajue moyo huo unakwendaje, usiku na mchana. Ipo njia ya kupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wa kitovu, ukapima presha ya damu huko huko ndani. Hupima vizuri, lakini ni mlango wa vijidudu, na unaweza kuzuia damu isifike miguuni. Hiyo huachiwa walio hoi. Wengine hupimwa kwa nje, kwa vibandiko kifuani vinavyonasa umeme wa moyo, na kwa kitaa chekundu kinachofungwa kwenye unyayo au kiganja. Kanuni ya kitaa hicho ilitolewa na Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974. Mwanga hupenya nyama. Damu yenye oksijeni huumeza tofauti na damu isiyo nayo. Na kila pigo la moyo huleta wimbi jipya la damu. Mashine huhesabu mawimbi hayo na kukadiria oksijeni kwa pamoja.

Hata hivyo, kutomchoma mtoto si sawa na kutomuumiza. Ngozi ya njiti ni kama karatasi iliyoloa. Ukikibandua kibandiko kwa pupa, tabaka la juu huondoka nacho, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa vijidudu ule ule tuliokuwa tukiukimbia. Kitaa nacho kikikazwa na kuachwa mahali pamoja muda mrefu huacha kidonda. Mguu ukiwa wa baridi au ukirusharusha, tarakimu hudanganya. Aidha, mwaka 2020 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba kwa wagonjwa watu wazima weusi, kifaa hicho kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Muuguzi wa kwetu ana sababu ya kumtazama mtoto mwenyewe kabla ya kuiamini kioo.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Mapigo ya mtoto mwenye afya hayapishani kwa nafasi zilizo sawasawa. Moja huwahi kidogo, jingine huchelewa. Vijidudu vikiingia kwenye damu, tofauti hizo hufifia, na moyo hupungua kasi ghafla kwa vipindi vifupi, saa kadhaa kabla mtoto hajaonyesha dalili yoyote. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia walitengeneza mashine ya kulisoma jambo hilo kutoka kwenye vibandiko vile vile vya kila siku. Iliyojaribiwa kwa watoto 3,003 wenye uzito chini ya gramu 1,500, katika hospitali tisa za Marekani, ilitoa matokeo mwaka 2011: pale madaktari walipoonyeshwa alama za mashine, vifo vilikuwa asilimia 8.1, pale zilipofichwa, asilimia 10.2. Na madaktari hao hawakuagizwa wafanye nini. Mashine iliwainua tu vitini wakamwangalie mtoto.

Limebaki suala la nyaya. Matunzo ya kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, yalianzishwa na Daktari Edgar Rey mjini Bogotá mwaka 1978. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha mwaka 2021 kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, wakiwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa pasipo kungoja hali itulie, vifo hupungua kwa asilimia 25. Lakini mama gani atatulia na mtoto aliyezongwa na nyaya nne, akihofia kuchomoa mmojawapo? Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilitangaza vibandiko viwili laini visivyo na waya, kimoja cha kifuani na kimoja cha mguuni. Vifaa vya aina hiyo vimejaribiwa pia Zambia na Kenya.

Mimi naviunga mkono. Ila wakuu wa hospitali wanapoletewa mashine ya msaada, waulize mapema: vitaa vya akiba vitanunuliwa kwa fungu gani? Na kengele ikilia saa tisa usiku, wauguzi wako wangapi kwa watoto wangapi? Kengele isiyo na wa kuiitikia huishia kuzimwa kwa sababu ya kelele. Kwenye wodi isiyo na mashine kabisa, muuguzi huweka kipimo cha kusikilizia kifuani, huhesabu mapigo kwa sekunde sita, kisha huzidisha kwa kumi. Akipata 14, moyo unakwenda 140. Akipata nane, anaanza kusugua unyayo huku akimwita mwenzake.