Je, Wajua? Mkulima wa Ndani wa Turkana Hana Feni

Je, wajua kwamba mkulima hodari wa ndani ya nyumba katika kaunti ya Turkana hana taa, hana feni, wala hajawahi kulipia umeme? Ni mchwa. Vile vichuguu vyembamba vya Turkana, vingine virefu kumpita mtu mzima, si makazi tu. Mna shamba ndani.

Wajua anacholima? Uyoga. Mchwa wa jamii ya Macrotermes hutafuna kuni na nyasi kavu, huzipitisha tumboni, kisha kinyesi chake hukifinyanga kuwa masega. Juu ya masega hayo huota kuvu wa jamii ya Termitomyces, ambaye hulainisha kile ambacho mchwa peke yake angeshindwa kukimeng'enya. Kuvu analainisha, mchwa anakula. Mvua ikija, kuvu huchomoza nje ya kichuguu akawa uyoga, na hapo sisi nasi tunasogeza sufuria. Zambia kuna aina ambayo kofia yake hukaribia upana wa mita 1.

Wajua kazi hiyo ilianza lini? Mwaka 2016 watafiti walitangaza visukuku vya bustani za uyoga za mchwa kutoka bonde la Rukwa, Tanzania. Umri wake: miaka milioni 25. Binadamu ana kama miaka 10,000 tu ya kushika jembe, na bado anajisifu.

Je, wajua shida kubwa ya shamba hilo? Si chakula, ni hewa. Kuvu huyo hustawi kwenye joto la karibu nyuzi 30 na unyevu mwingi. Mchwa wa kichuguu kimoja wanaweza kuzidi milioni, wote wanapumua, na kuvu anapumua kuliko wao. Hewa ukaa isipotoka, shamba na wenyewe wamekwisha. Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kichuguu kama dohani: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, ya baridi huingia chini. Mwaka 2008 watafiti Scott Turner na Rupert Soar waliandika kwamba mambo si mepesi hivyo. Upepo wa nje nao husukuma na kuvuta hewa ndani kwa namna isiyotulia. Vipimo vya vichuguu vya India vilivyochapishwa mwaka 2015 vikaongeza jingine: mkondo wa hewa hugeuka kati ya mchana na usiku, kwa sababu kuta nyembamba za nje hupata joto na kupoa upesi kuliko kiini cha kichuguu.

Wajua kwamba binadamu ameiga? Jengo la Eastgate jijini Harare, la msanifu Mick Pearce, lilifunguliwa mwaka 1996, na linapoozwa bila mitambo ya kawaida ya kiyoyozi. Lakini huna haja ya kwenda Harare. Ufukoni mwa Ziwa Turkana kuna chuo cha kompyuta cha Startup Lions, kilichokamilika mwaka 2021, kazi ya Francis Kéré wa Burkina Faso. Kuta zake ni za mawe ya hukohuko, na minara yake mirefu imechukua sura ya vichuguu vya jirani. Hewa safi huingia kwa matundu ya chini, ya moto hutokea minarani, na vumbi halipati njia rahisi ya kuzifikia kompyuta. Mwaka uliofuata Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jengo la maana kuliko yote yaliyosimamishwa Turkana karne hii.

Wajua kwa nini mmea uliofungiwa kabatini chini ya taa, tofauti na shamba la mchwa, hufa haraka? Karibu umeme wote unaoingia kwenye taa huishia kuwa joto. Ndiyo maana wanaolima bangi kabatini ng'ambo huhangaika na feni kabla ya mbolea. (Kenya usijaribu: sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inakataza kuilima, kabatini au shambani.)

Je, wajua feni ina kikomo? Feni haipozi chumba. Inakausha jasho mwilini. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba hewa ikipita nyuzi 40, feni huzidi kuupasha mwili moto. Na mjini Lodwar, ambako nyuzi 35 adhuhuri ni jambo la kawaida, kikomo hicho hakiko mbali.

Wajua nani alikuwa mhandisi wa kwanza wa hewa huku? Mama wa Kiturkana. Yeye ndiye hujenga nyumba, kwa fito zilizopindwa na majani ya mkoma, na upepo hupenya kati ya majani hayo. Ukiinua chumba cha mabati mahali pake, umejenga tanuri. Waliokaa Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanza mwaka 1992, hawahitaji kuelezwa.

Je, wajua Turkana ina mkondo wake wa upepo angani? Watafiti Kinuthia na Asnani waliuelezea mwaka 1982: upepo wa kusini-mashariki unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukaongeza kasi. Na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, mitambo 365 ya upepo iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019 inaweza kuzalisha megawati 310. Umeme huo husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Lodwar kwa miaka mingi ilinguruma kwa jenereta za dizeli!

Wajua kisa cha Kalokol, karibu na Ziwa Turkana? Norwei ilijenga pale kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha kwenye joto lile kuligharimu mno, mitambo ikazimwa baada ya siku chache. Wavuvi wakaendelea kuanika samaki juani na upeponi, bure.

Basi wewe wa Kerio, Lodwar au Kakuma unayejenga banda la kuku, duka au darasa: acha matundu chini upande unakotoka upepo, na mengine juu chini ya paa, yasiwe madogo kuliko ya chini. Yawekee wavu wa mbu. Fundi akikuletea mchoro wa chumba cha mabati chenye dirisha moja, mrudishie.